Kobe Aliyefungishwa Saumu

Baba Mkubwa Sudi alipofariki, watu walijaa uani kwetu, mtaa wa Biryogo, mpaka mikeka ikaisha, tukatandika makatoni. Siku ya hitima mzee mmoja kutoka mtaa wa Muhima, aliyekuwa akishonewa suti zake na marehemu tangu ujana, aliweka kikombe chini, akapangusa ndevu, akasema, "Jamani, mnakumbuka ile kobe yake iliyokuwa nafunga Ramadhani?"

Watu wakacheka kile kicheko cha msibani kinachoanza kwa woga na kuishia kwa machozi. Wakasema marehemu alikuwa mtu wa baraka, hata mnyama nyumbani kwake alimjua Mola. Kisha mzee akanigeukia. "Zubeda, si wewe ulikuwa mtoto wa nyumba? Hebu wasimulie hawa vijana."

Nilikuwa nimeshika birika. Nikamwongezea chai, nikasema sikumbuki vizuri, nikarudi jikoni, nikaliweka lile birika chini. Nakumbuka vizuri sana. Sikutaka kumchafulia marehemu hitima yake, basi nawasimulia ninyi, mliokuwa watoto wakati nami ni mtoto, mliofundishwa kwamba kumkosoa mkubwa ni kukosa adabu hata pale mkubwa anapokuwa amekalia shingo ya mtu.

Kobe alikuwa wangu. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo wote hupasahau. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, na nyumbani tulimjua zaidi kwa mizigo aliyoleta kuliko kwa sura. Safari moja, akitoka mashariki, kabla hajafika Kabuga, aliwakuta watoto wakimviringisha kobe mchanga barabarani kama gurudumu. Akasimamisha lori, akawafokea, akamtia kobe ndani ya kofia yake. Alipofika nyumbani aliniwekea ile kofia mapajani.

"Shika mwanao," akaniambia. "Huyu halii, haumi, wala hataki viatu. Ana nafuu kuliko wewe."

Alienea kiganjani mwangu. Gamba lake lilikuwa la rangi ya asali lenye madoa meusi, limeinuka katikati kama kifuniko cha bakuli la sukari, na Kifuniko ndilo jina nililompa. Nilimpa wali, akatembea juu yake. Nilimpa mkate uliolowekwa kwenye chai, akaukanyaga akaacha nyayo. Nililia nikidhani hanipendi. Mama ndiye aliyekuja na kitawi cha dodo, mboga zile za majani tulizokula karibu kila siku, akakiweka mbele yake. Kifuniko akavuta shingo, ikatoka ndefu kuliko nilivyodhani inaweza kutoka, akafungua kinywa chekundu kisicho na jino hata moja, akakata jani. Alilikata mviringo safi, kwa mlio mdogo kama wa mkasi unaopita kwenye kitambaa kizito. Nilikuwa nimekulia chini ya meza ya Baba Mkubwa, fundi cherehani, na nilidhani najua milio yote ya kukata. Ule ulikuwa mpya.

Basi nikawa mlishaji. Nilichuma matembele kwenye ua wa jirani, nikaokota maua ya maboga yaliyodondoka, nikaomba maganda ya papai kwa wauza matunda. Mama alitwanga maganda ya mayai kwenye kinu, akanionyesha jinsi ya kuyanyunyiza juu ya majani kidogo tu, kama chumvi. Nilimwogesha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, naye alikunywa kwa kuzamisha uso mzima, akatulia humo, koo likipanda na kushuka. Alikua. Kila kigae cha gamba lake kilizungukwa na mstari mpya, mweupe, laini, na mimi nilipenda kuupitishia ukucha nikijua mstari huo umetokana na dodo langu.

Mahali pake palikuwa jikoni, nyuma ya tofali, kando ya imbabura, jiko letu la makaa. Lile jiko lilikuwa halizimi. Liliwashwa kwa chai ya alfajiri, likapokea maharage, likashika chungu mpaka magharibi. Kobe hana joto lake mwenyewe, huazima la jua au la moto, na mji wetu ni wa milimani. Siku isiyo na jua, baridi ya saruji ya nyumba zetu hupenya hata kwenye mifupa ya watu. Kifuniko alijua hayo kabla yetu. Alikuwa akijikokota mpaka kwenye tofali, anaegemea, na baada ya kitambo miguu inatoka, shingo inatoka, anaanza kutafuta chakula.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia pamoja na mvua za masika. Jua lilipotea. Na jiko letu, kama majiko yote ya mtaa wetu, lilibaki baridi tangu daku mpaka baada ya alasiri, wanawake walipoanza kupika uji na kukaanga sambusa.

Mtaona wenyewe kilichotokea. Kifuniko alilala mchana kutwa ndani ya gamba, sigusi, sitaki. Nilimwekea majani yakanyauka mbele ya pua yake. Jioni moto ukiwaka, mafuta yakianza kuchemka, alitoa kichwa. Na muadhini alipoanza adhana ya magharibi, wakati sisi tunanyoosha mikono kwenye sahani ya tende, Kifuniko naye akakata jani lake.

Baba Mkubwa alimwona. Alishikilia tende karibu na mdomo, akabaki hivyo.

"Zubeda. Huyu amekula leo?"

"Hapana, Baba Mkubwa."

"Na jana?"

"Alikula jioni tu."

"Allahu Akbar," akasema, polepole, na nikaona uso wake ukipambazuka.

Sitadanganya kwamba sikuamini. Niliamini kabisa. Nilikuwa na umri wa kufunga nusu siku, ile saumu ya watoto ya kula adhuhuri kwa siri nyuma ya mlango, na nilimwonea Kifuniko wivu. Nilijiona nitafika peponi na kumkuta ameshafika, amekaa mahali pazuri. Wakubwa nao hawakuniacha. Nikigusa kipande cha muhogo tu, sauti inatoka chumbani: "Hata kobe anafunga! Wewe na miguu yako miwili, tumbo limekushinda?" Kobe yule akawa fimbo ya kila mtoto wa mtaa. Mama mmoja wa jirani alimkokota mwanawe kwa sikio mpaka mlangoni kwetu aje amwone mnyama mwenye haya.

Kesho yake Baba Mkubwa alimhamisha. Alisema mahali pa kiumbe kama huyu si jikoni kwenye majivu. Alimtandikia kipande cha kitambaa cha kijani barazani, chini ya cherehani, kwenye saruji tupu, na akampa jina jipya: Ramadhani. Tangu hapo wateja waliacha kuuliza suruali zao. Walikuja Waislamu wa mtaani, walikuja watu wa Muhima, wakapanda hata wale wa bondeni Kimisagara ambao hawakuwa wa dini yetu, wakasimama na miamvuli inachuruzika.

"Akanyamasyo iko nafunga? Ese koko?" Ndivyo walivyouliza: huyu kobe anafunga, kweli?

"Tazama mwenyewe." Baba Mkubwa alikuwa akiweka jani mbele ya kobe. Kobe hatikisiki. "Mpe wewe. Mpe kwa mkono wako. Hatakula mpaka adhana."

"Mana yanjye! Mungu wangu!"

Alikuwa na ustadi wa kuonyesha. Alijua wakati wa kunyamaza, wakati wa kuinua kidole. Siku moja nilimwona akimkonyeza muuza nyama aliyekuwa amekaa pembeni, na ukonyezo ule ndio umenizuia kumsamehe hadi leo. Angekuwa ameamini tu, ningesema alikosea. Lakini alikuwa ameamini na wakati huohuo anacheza, kama mtu anayetingisha kitanda cha mtoto huku akitazama mpira.

Mama hakuaminishwa hata siku moja. Alizaliwa kusini, milimani, akasilimu alipoolewa na baba, na Kiswahili chake kiliwachekesha wifi zake. Katika nyumba ile ya wajukuu wa wafanyabiashara wa pwani, watu waliohesabu vizazi vyao mpaka Bagamoyo, Mama alikuwa mgeni asiyekwisha ugeni. Jioni moja nilimkuta ameinama barazani, amemweka Kifuniko shavuni.

"Iko nasikia baridi tu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Hii haifungi, mwana wanjye. Hii imeganda."

"Mwambie Baba Mkubwa."

Akamrudisha kobe kwenye kitambaa cha kijani, akaninyooshea kilemba, akaenda zake.

Nikamwendea ustadhi wetu wa madrasa. Nilinyanyua mkono nikauliza kama mnyama anafunga saumu. Darasa zima likacheka, naye akacheka. "Saumu ni ya mwenye akili na aliyebaleghe," akasema. "Mnyama hana hesabu, hana dhambi, hana deni. Akiona njaa, ale." Nilirudi nyumbani nikikimbia kwenye matope, neno lake nimelishika kama yai. Jioni ileile ustadhi alialikwa kufuturu kwetu. Alioneshwa kobe. Alipewa bakuli la uji wa pilipili manga na sambusa za nyama. Nilisimama mbele yake nikimtazama moja kwa moja machoni, nikingoja. Akafuta midomo, akasema, "Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuhusu watu wazima. Shuleni tulifundishwa mengi mengine, nimeyasahau.

Hata jioni sasa Kifuniko hakuufikia moto. Wageni walibaki naye barazani, wakimpokezana, kila mtu akitaka kumwona anavyofungua saumu, na viganja vyao vyenye mvua vilimpoza zaidi. Akila, alikula jani moja. Asipokula walisema anaunganisha saumu, siku na siku, kama wachamungu wa zamani. Macho yake yalianza kuvimba. Kope zilinenepa, zikafunga kama mshono. Nilidhani ni kilio. Nilimjua bibi mmoja wa mtaani ambaye macho yake yalikuwa hivyo, na watu walisema ni kwa kulia katika dua. Nikafikiri Kifuniko naye analia wakati wa alfajiri, sote tumelala. Siku chache baadaye nilimnyanyua, na alikuwa mwepesi. Nilikuwa nimembeba tangu alipokuwa wa kiganja, nilijua uzito wake kuliko uzito wa begi langu la shule. Mkono wangu ulipanda juu wenyewe, kama unaponyanyua ndoo uliyodhani ina maji. Hapo imani yangu yote ilitoka ikabaki hofu, na baada ya hofu ikaja hii hasira ambayo bado ninayo.

Nilimkuta Mama anafua.

"Mama, washa jiko."

"Saa hii?"

"Makaa machache tu. Ya Kifuniko."

Akatazama juu ya ua, kwenye paa za majirani, kama kwamba tayari moshi umepanda. "Moshi ikitoka hapa mchana, watasema mimi iko napika. Watasema nimerudi kwa dini ya kwetu."

"Si utawaambia ni ya kobe?"

"Nani atanisikia, Zubeda?" Akapiga shati kwenye jiwe, akalipiga tena. "Baba yako hayuko. Nani?"

Nilimchukia. Namwandika hivi akiwa hai na anajua, tumeshaongea. Nilimchukia kwa ule mgongo wake ulioinama juu ya beseni.

Ijumaa moja karibu na mwisho wa mwezi mawingu yalipasuka. Jua lilitoka kali, la baada ya mvua, na barabara ikaanza kutoa mvuke. Wanaume wote walikuwa msikitini. Jua la saa ile halikufika uani, lilipiga ngazi za mbele tu, zile zinazotazamana na barabara, basi hapo ndipo nilipompeleka. Nilimweka kwenye ngazi, nikachuma dodo changa, nikaketi na kumkinga upepo kwa gauni langu. Tulikaa muda mrefu. Kwanza ulitoka mguu mmoja wa nyuma. Kisha shingo. Jicho moja likafunguka, uzi tu wa weusi. Nikamgusisha jani mdomoni, akalikata. Akakata tena. Ule mlio wa mkasi! Niliweka mikono mdomoni nisipige kelele.

Sikusikia sala imekwisha. Nilipoinua uso walikuwa wamejaa barabarani, kanzu nyeupe kila mahali, na muuza nyama mbele yao.

"Sudi! Weh, Sudi! Njoo uone sheikh wako! Iko nakula mchana kweupe!"

"Labda ni msafiri!" akadakia mwingine.

"Msafiri wa wapi, sha? Tangu asubuhi ametembea ngazi moja!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Baba Mkubwa alipita katikati yao. Nilimwona anaumia, na kwa muda mfupi nilifurahi, nikajua imekwisha, kobe atarudishwa jikoni. Lakini alifika kwenye ngazi, akainua kile kidole chake.

"Mgonjwa," akasema. "Macho yake si mnayaona? Mgonjwa ana ruhusa ya kula. Atalipa baada ya Idi."

Walimpigia makofi. Muuza nyama alimkumbatia. Baba Mkubwa aliwatabasamia wote, na huku akitabasamu aliushika ukingo wa sikio langu na kuusokota mpaka nikainuka kutoka pale nilipoketi.

Siku ya Idi jiko liliwaka tangu asubuhi. Nilimwiba Kifuniko nikamweka nyuma ya tofali lake, na katikati ya harufu ya pilau alikula ganda la papai karibu lote. Nilivaa gauni alilonishonea Baba Mkubwa, la njano, lenye marinda, gauni zuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo. Hilo pia mlijue. Hakuwa mtu mbaya. Nilifikiri mambo yamepita.

Masufuria ya sikukuu hayajarudishwa kwa wenyewe, Baba Mkubwa akaja jikoni. "Yuko wapi Ramadhani? Ana siku zake za kulipa. Watu wananiuliza." Nilimshika kobe kifuani nikasema ustadhi amesema mnyama hana deni. Nikasema atakufa. Mama alikuwa hapo, anachambua mchele. Baba Mkubwa alinitoa vidole kimoja kimoja, bila kuniumiza, akisema, "Mtoto mzuri, mtoto mzuri," akaondoka naye barazani.

Mvua ilirudi. Nilikatazwa kupita mbele. Nilikuwa nachungulia kwenye tundu la pazia, na kupitia hapo siku moja niliona miguu ya Kifuniko imetoka nje ya gamba, yote minne, imelala juu ya kitambaa cha kijani. Nilifurahi. Nilidhani amepata joto. Kisha nzi akatua kwenye mguu wa mbele, akatembea mpaka kwenye kope, na mguu haukurudi ndani.

Barazani kulikuwa na wateja. "Tazameni leo," Baba Mkubwa alikuwa akisema, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. "Hata kutikisika hatikisiki. Amezama."

Nilipiga ukelele. Mama alitoka jikoni, akanipita, akafungua pazia. Sikuwahi kumwona akitokeza barazani mbele ya wanaume. Alitoka na khanga ya jikoni, mikono ina unga, akainama chini ya cherehani katikati ya miguu yao, akamchukua kobe.

"Shemeji," akasema. "Hii imekufa."

Cherehani ikanyamaza.

"Imekufa na njaa, shemeji. Na baridi. Hapa, mbele ya macho yenu." Kiswahili chake kibovu, na hakuna aliyecheka.

Baba Mkubwa akasoma Innalillahi. Kisha, na Mungu ananisikia, akavuta kipande cha bafta nyeupe kwenye rafu, akakipima kwa macho, akakikata, akaanza kushona. Alishona sanda. Pindo mara mbili, pembe zimekunjwa vizuri, kazi ya mikono mizuri kabisa. Alipotunyooshea, macho yake yalikuwa na machozi, machozi ya kweli. "Mpeni heshima yake," akasema. Nilitaka kumuuma.

Tulishuka na Mama kwenye mteremko unaoelekea Kimisagara, yeye na kijembe, mimi na kobe. Nyuma yetu walifuata majirani, muuza nyama, watoto, na Baba Mkubwa nyuma kabisa. Mama alichimba. Nikaishika ile sanda nikajaribu kuichana, ikakataa, ilikuwa imeshonwa vizuri mno, nikaitia meno kwenye pindo nikavuta kwa kichwa changu chote mpaka ikapasuka.

"Mtoto, usifanye hivyo!" mwanamke mmoja akalia.

"Mwacheni," Mama akasema, bila kugeuka. "Iko na nguo yake."

Nikamweka kwenye udongo mwekundu, mgongo juu, kama anavyolala kobe yeyote. Nikafukia kwa mikono. Na nilipoinua macho nikawaona wamenyanyua viganja kumwombea dua, Baba Mkubwa sasa amesimama mbele yao, nikachota udongo uliobaki nikawarushia.